Haile Mmoja, Herufi Sita

Haya ni mazungumzo niliyotoa jioni moja jijini Nairobi mbele ya wanafunzi wa isimu na wa kompyuta. Nimeyanyoosha kidogo, na mizaha iliyokosa wa kuicheka nimeiondoa.

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi vijana, hamjambo.

Nianze na kidonda. Mwaka 2000 kule Sydney, mbio za mita 10,000, Paul Tergat wetu alichomoka mzunguko wa mwisho, na sisi tuliokuwa mbele ya televisheni tukaanza kushangilia mapema. Haile Gebrselassie akamfuata, akamfuata, akampita hatua za mwisho kabisa. Dakika 27 na sekunde 18.20 kwa 18.29. Sehemu tisa za mia moja ya sekunde! Asiyekuwapo hawezi kuujua ukimya ulioingia sebuleni kwetu siku ile.

Lakini sikuitwa hapa kuzungumzia riadha. Nimekuja na herufi ya kwanza ya jina la yule bwana aliyetutoa machozi. Kwa Kiamhari, mojawapo ya lugha za Ethiopia, Haile huandikwa kwa herufi tatu tu. Ya pili haina neno, ya tatu haina neno. Ya kwanza ndiyo iliyonikosesha usingizi na kunifedhehesha mbele ya mama wa watu. Nitawasimulia.

Tazameni ubaoni. Naandika herufi sita:

ሀ ሃ ሐ ሓ ኀ ኃ

Mwamhara wa leo akizisoma hizi kwa sauti, utamsikia akisema ha, ha, ha, ha, ha, ha. Utadhani anacheka. Zote sita ni sauti ileile moja. Ila kompyuta haina masikio. Yenyewe inaona namba, na namba hizo ni 4608, 4611, 4624, 4627, 4736 na 4739. Kwake hizi ni herufi sita zisizojuana, kama ambavyo kwako a si b. Kwa hiyo mtu akiandika jina la Haile kwa 4739 na mwingine akalitafuta kwa 4608, ataambiwa hayupo. Bingwa wa dunia, hayupo.

Hati ya Kiamhari huitwa Fidel (na hapana, haihusiani na yule wa Cuba). Wenyewe waliirithi kutoka Kige'ez, lugha ya kale ambayo leo imebaki madhabahuni, katika ibada za Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia na la Eritrea. Fidel haitenganishi konsonanti na irabu kama sisi. Kila alama ni silabi kamili. Chukueni ile ya kwanza, iliyo kama bakuli: ሀ. Ukiitia mkono pembeni inakuwa ሁ, hu. Ukiigeuza kidogo mguuni inakuwa ሂ, hi. Kila konsonanti ina sura saba, na jedwali ambalo watoto huliimba shuleni lina safu 33, kwa hiyo alama 231 kabla hujagusa zile za ziada. Mtoto anaimba ha, hu, hi, ha. Mmesikia? Hajapita hata katikati ya mstari, ha imerudi. Katika safu nyingi sura ya kwanza na ya nne hutofautiana irabu, lakini konsonanti za kooni ziliivuta irabu ya kwanza ikawa a ileile ya nne. Ndiyo maana ሀ na ሃ zinasikika sawa. Na kwa kuwa kuna safu tatu za h, mara mbili tatu ni sita.

Swali la haki ni hili: kwa nini safu tatu?

Hapa wanafunzi wa isimu wakae sawa, maana jibu lake tunalo mdomoni bila kujua. Nitajieni neno la Kiswahili lenye h lililotoka Kiarabu. Hewa. Hali. Habari. Mmejibu vizuri. Sasa muulize mzee yeyote wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa anayeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Atakwambia hewa inaandikwa kwa ه, hali kwa ح, na habari kwa خ. Herufi tatu, sauti tatu. Tulipohamia hati za Kilatini tukazimwaga zote tatu kwenye h moja, na leo anayesema "khabari" tunajua tu kwamba huyo ni mtu wa pwani au amesoma chuo cha Kurani.

Kige'ez kilikuwa na h hizohizo tatu, kwa kuwa ni jamaa wa Kiarabu. Bakuli ሀ ni ه. Ile ya pili, ሐ, ambayo mimi huiona kama kigoda cha miguu mitatu, ni ح. Na ኀ ni خ. Namba tano kwa Kiarabu ni khamsa, sisi tukapata Alhamisi na hamsini. Kwa Kige'ez namba tano inaanza na ኀ, mahali palepale penye خ, na Mwamhara akikuhesabia hamsini leo atakwambia "hamsa". Uhai na hayati tumevipata kwenye neno lenye ح. Kwa Kiamhari uhai ni "hiywet", nalo huandikwa ሕይወት, kwa kigoda.

Kiamhari kilipokua, koo likachoka. H tatu zikawa moja masikioni, ila kalamu ikakataa kuchoka. Sauti zikaondoka, herufi zikabaki, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama lakini majina yao yangali mlangoni. Hazikuwa h peke yake. Kuna s mbili, ሰ na ሠ. Kuna a mbili, አ na ዐ. Kuna ts mbili, ጸ na ፀ. Na mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa s. ሰረቀ ni kuiba. ሠረቀ ni kuchomoza, kama linavyochomoza jua. Ukizitamka leo ni neno moja, "sereqe". Lakini Kiarabu kinazitenga: kuiba ni saraqa, kuchomoza ni sharaqa, na hiyo ya pili ndiyo iliyotupa sisi mashariki. Kwa hiyo ukiniambia nifute ሠ kwa kuwa ni ya bure, umeniambia nimfanye mwizi na mapambazuko wawe kitu kimoja.

Wapo Waethiopia waliotaka kuzifuta, na zaidi ya mara moja katika karne ya 20 yametolewa mapendekezo ya kupunguza herufi zenye sauti moja. Hoja yao ni ya kweli, mtoto anapoteza muda. Lakini Fidel haiko kwa Waamhara tu. Vuka uingie Tigray au Eritrea, Kitigrinya bado kinaitamka ሐ kwa koo, barabara, kama ح ya msomaji wa Kurani. Kaka kwa Kitigrinya ni ሓው. Mwandikie kwa ሀ, umemkosea kaka.

Sasa tuingie kwenye mashine.

Msimbo wa Wamarekani wa mwaka 1963, ule wa ASCII unaoipa kila herufi namba yake, una nafasi 128. Sisi Waswahili tulipita humo bure, kama mtoto anayepakatwa kwenye matatu halipiwi nauli. Wamishonari na serikali za kikoloni walikuwa wametuandika kwa herufi za Ulaya zisizo na vikolombwezo, hatuna hata nukta juu ya irabu. Hatukuomba nafasi, tuliikuta. Waethiopia hawakuwa na bahati hiyo. Hata kabla ya kompyuta, mashine za taipu za Kiamhari zilikuwa mateso: vitufe vilikuwa vichache kwa herufi zote zile, kwa hiyo mchapaji aliunga herufi vipande vipande, mwili huku na mkono kule, na zikatoka herufi zinazochechemea.

Kompyuta zilipofika ofisini, wenye ujuzi wakatengeneza fonti. Fonti ya zamani ilikuwa na nafasi 256 kwa ukubwa wake wote. Jumlisha zile 231, herufi za ziada kama ቋ na ጓ, tarakimu za Kiethiopia na alama za vituo, nafasi zinaisha. Wengine wakagawa hati katika fonti mbili. Wengine wakarudi kwenye ujanja wa mashine ya taipu wa kuunga vipande. Na kila mtengenezaji alipanga herufi zake anavyotaka, kwa hiyo hati iliyoandikwa kwa fonti ya huyu ukiifungua kwenye mashine yenye fonti ya yule unapata uchafu: mabano, alama za dola, herufi za Kifaransa. Nimewahi kupewa fleshi yenye orodha ya majina ya namna hiyo. Nilidhani ina virusi.

Wakati huohuo waliokuwa ughaibuni walitaka kuandikiana barua pepe, nazo zilipitisha herufi za Kilatini tu. Yitna Firdyiwek na Daniel Yacob wakatengeneza utaratibu ulioitwa SERA wa kuandika Fidel kwa herufi za Kilatini bila kupoteza kitu. h ndogo ni bakuli, H kubwa ni kigoda. Angalieni uangalifu huo: hata walipokuwa wanabanwa na mashine isiyo na nafasi, hawakukubali kuzichanganya h.

Mwaka 1988 Joe Becker wa Xerox aliandika pendekezo la msimbo mmoja wa hati zote za dunia, akauita Unicode. Fidel iliingia kwenye toleo la 3.0, mwaka 1999, alama 345 kwa mpigo. Na namna ilivyoingia ni kazi ya fundi. Wangeweza kutoa namba kwa konsonanti na namba nyingine kwa irabu, mashine iziunge yenyewe. Hawakufanya hivyo. Kila silabi ilipewa namba yake, kwa kuwa kwa mwenye lugha ሁ si ሀ iliyoongezwa kitu, ni herufi. Kisha wakapanga nane nane. Safu inaanzia kwenye namba inayogawanyika kwa nane, sura saba zinafuatana, nafasi ya nane inabaki kwa jamaa wa pembeni. Kwa hiyo chukua namba yoyote kwenye safu za kawaida, gawa kwa nane, baki lake ndilo irabu. 4608 inabaki 0, sura ya kwanza. 4739 inabaki 3, sura ya nne. Mimi nilipoligundua hili saa tano za usiku nilisimama nikazunguka meza. (Saa tano yetu, ambayo ni saa tano yao pia. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Ukipanga kukutana na Mwethiopia hutahitaji tafsiri.)

Tangu hapo nyongeza zimeingia mwaka 2005, 2010 na 2021, kwa ajili ya lugha kama Kigumuz, Kibasketo na za Wagurage, na leo alama za Kiethiopia katika Unicode ni 523. Namba ikishatolewa haiondolewi wala haihamishwi. ሀ itakuwa 4608 mpaka wajukuu zetu wazeeke.

Gharama ipo, ndogo. Kwenye mafaili ya leo herufi ya Kilatini inachukua baiti moja, ya Fidel inachukua tatu. "Salamu" yetu ni baiti sita. ሰላም yao, ambayo ni salamu hiyohiyo, ni herufi tatu tu kwa macho lakini baiti tisa. Kwenye simu, ujumbe mfupi wa Kiswahili una nafasi 160, wa Kiamhari una 70. Hasara? Si sana, kwa kuwa kila herufi yao imebeba irabu yake mgongoni.

Basi nirudi kwenye fedheha yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutengeneza programu ya kumbukumbu za wagonjwa kwa zahanati moja huko Eastleigh. Wagonjwa wake wengi walikuwa Waethiopia na Waeritrea. Majina yao kwa Kilatini yalikuwa vurugu, mtu mmoja anaandikwa Hiwot leo na Hiywet kesho. Mimi nikajifanya mwerevu. Nikasema, tuyaandike kwa hati yao wenyewe, hapo hapatakuwa na utata. Nikapata makofi kwenye kikao.

Haikupita miezi miwili. Mama mmoja mzee, mpole, mwenye netela nyeupe mabegani, alikuwa na mafaili matatu. Kila alipokuja karani alimtafuta, akamkosa, akamfungulia faili jipya. Faili la kwanza liliandikwa kwa ኃ. La pili kwa ሃ, ambayo ndiyo inayokuja ukibonyeza h na a kwenye kibodi ya karani. La tatu kwa ሀ. Jina la baba yake lilikuwa Haile Selassie, kama mfalme. Na kwenye faili la kwanza peke yake paliandikwa kwamba akipewa penisilini anavimba.

Muuguzi alimuuliza kwa mdomo kabla ya kumchoma sindano, Mungu amjalie yule dada. Jioni nikapigiwa simu.

Nilikaa na karatasi nikahesabu. Ha ya kwanza, njia sita. "Se" ya Selassie, s mbili: ሥ au ስ. Ile "se" ya mwisho, tena mbili: ሴ au ሤ. Sita mara mbili mara mbili, 24. Ukihesabu anayeliunganisha na anayeacha nafasi katikati, 48. Nyingi kati ya hizo hakuna Mwethiopia timamu atakayeziandika, lakini zinazoandikwa kweli zinatosha kumpoteza mgonjwa.

Nilimlaumu nani? Unicode, bila shaka. Nikasema kwa hasira kwamba walitoa namba sita kwa sauti moja. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba hawakutoa namba kwa sauti. Walitoa namba kwa herufi, na herufi ni sita. Kazi ya msimbo ni kutunza alichoandika mtu, kama alivyokiandika. Kutafuta ni kazi nyingine, na hiyo ilikuwa yangu mimi.

Basi nikarekebisha, na nikarekebisha vibaya. Niliandika mistari michache ya programu: chochote kinachoingia, ሐ na ኀ na ndugu zao zote zigeuzwe ሀ, ሠ iwe ሰ, ዐ iwe አ, ፀ iwe ጸ. Nikaipitisha kwenye kumbukumbu zote usiku mmoja. Wanaotengeneza programu za Kiamhari wengi hufanya hivyo, na kwa utafutaji inafanya kazi vizuri mno. Mafaili matatu ya mama yakawa moja. Nikachapisha kadi mpya za wagonjwa wote kwa majivuno.

Mama alipewa yake. Akaivuta karibu, akaisogeza mbali, akavaa miwani. Akaiweka mezani. Kiswahili chake ni cha Nairobi, kilichonyooka.

"Huyu si baba yangu."

Nikamweleza, mama, ni jina lilelile, linasomeka vilevile. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ukiandikwa na mtu asiyejua kusoma, utafurahi?"

Nikakaa kimya. Kwa macho yake ile ሀ ilikuwa kama vile wewe uandikwe "Mwarimu" kwenye cheti chako, kisha mtu akwambie si inasomeka tu. Na wale Watigrinya? Sikuwa nimewauliza. Nilikuwa nimewafutia ሐ yao, wao ambao wanaisikia. Wiki ileile mmoja alikuja na kadi yake mkononi, na huyo hakuniita mwanangu.

Bahati yangu, nilikuwa na nakala ya kumbukumbu za kabla ya usiku ule. Nikazirudisha. Sasa kila jina linakaa mara mbili. Mara ya kwanza kama lilivyoandikwa, kila herufi na namba yake, na hilo ndilo linaloonekana kwenye skrini na kuchapishwa kwenye kadi. Mara ya pili limepigwa pasi, h zote moja, s zote moja, nafasi zimeondolewa, na hilo halionwi na mtu, linatumika kutafutia tu. Karani akiandika Haile kwa namna yoyote, anachoandika kinapigwa pasi vilevile, na viwili vilivyopigwa pasi vinakutana huko ndani. Ni ufundi wa zamani, sikuuvumbua mimi. Ninachowaambia ninyi mnaosoma kompyuta ni kwamba nilitakiwa kuujua kabla ya mama kuvaa miwani.

Mkijaribu kazi hii msiishie kwenye h. Vituo pia vina visa vyake. Zamani Waethiopia walitenganisha maneno kwa nukta mbili, ፡, badala ya nafasi tupu, na mwisho wa sentensi wakaweka nukta nne, ።. Kila moja ina namba yake, 4961 na 4962. Lakini mtu mwenye haraka, nukta nne haioni kwenye kibodi, anabonyeza nukta mbili mara mbili: ፡፡. Kwa macho ni kitu kilekile. Programu inayohesabu sentensi inapita hapo bila kusimama, ukurasa mzima unakuwa sentensi moja. Na wapo wanaobonyeza nukta mbili za Kizungu mara mbili. Hao sijui niwaombee nini.

Na kabla hamjawacheka majirani. Baada ya kisa hiki nilirudi kwenye kazi yangu ya zamani, orodha ya mifugo niliyowahi kuitengeneza kwa Kiswahili, lugha iliyopita bure. Nikatafuta ng'ombe. Wakatoka baadhi. Wengine walikuwa wamejificha wapi? Kwenye kile kialama cha ng'. Ukikibonyeza kwenye kibodi ya kawaida ni namba 39. Programu ya kuandikia barua inakipinda bila kukuuliza, kinakuwa 8217. Mwingine amebonyeza kile kilicho kona ya juu kushoto, 96. Ng'ombe wa 39 hawajuani na ng'ombe wa 8217. Waethiopia angalau herufi zao sita zina historia ya miaka elfu na zaidi. Sisi tumempoteza ng'ombe kwa kialama tulichokiazima, tena hatukijali. Toeni simu zenu mjaribu, nitasubiri.

Mmeona.

Nimalizie kwa mama, kwa sababu mmekwisha kunitazama kama watu wanaotaka kujua. Nilimpelekea kadi mpya mwenyewe. Akavaa miwani. Kidole chake kikaenda kwenye herufi ya kwanza, ኃ, kikakaa pale. Akatikisa kichwa kukubali. Kikasogea. ኃይለ. Kikasogea tena, kikasimama.

"Na hii?"

Ilikuwa ስ. Karani siku ile ya kwanza aliandika Selassie kwa s ya kawaida, na mimi sasa nilikuwa nimeapa kutobadilisha alichoandika mtu. Nikamweleza hivyo. Akaniangalia kwa huruma kidogo, akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaikata ile ስ na juu yake akaandika ሥ, taratibu, mkono hautetemeki. Akanirudishia.

"Sasa nenda ukaandike kama nilivyoandika mimi."

Nikaenda. 4661 ikatoka, hiyo ni ስ. Ikaingia 4613, kwa kuwa niliifanya kwa kichwa nikakosea, na ikatoka ህ, nusura nimpe baba yake jina la tatu. ሥ ni 4645. Niliingiza ya kweli baada ya kuitafuta kwenye jedwali. Haya, maswali.